Perodua: Maswali Ninayoulizwa Kila Nikitaja Gari Dogo la Malaysia

Niliishi Malaysia miaka minne nikiwa mwanafunzi. Tangu nirudi Dar sijapata kupumzika na maswali ya magari. Mtu akiona picha zangu za zamani huuliza: hicho kigari ulichoegemea ni cha nani? Nikijibu ni Perodua, maswali mengine yanafuata foleni. Nimeyakusanya hapa, ili nikiulizwa tena nitume ukurasa huu tu.

Perodua ni nini, na hilo jina lina maana gani?

Ni kampuni ya magari madogo ya Malaysia. Jina lake limekatwakatwa kutoka Perusahaan Otomobil Kedua, yaani Kampuni ya Pili ya Magari. Ilisajiliwa mwaka 1992, ikaanza kazi mwaka uliofuata, na makao yake yako Sungai Choh, Rawang, kaskazini kidogo ya Kuala Lumpur.

Ni ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa Proton, mtoto wa Waziri Mkuu Mahathir Mohamad, iliyoanzishwa mwaka 1983 kwa ubia na Mitsubishi. Gari lake la kwanza, Saga, lilitoka 1985. Proton ilipewa sedani za familia. Huyu mdogo mtu aliambiwa: wewe tengeneza vigari, usigombane na kaka yako. Wakati ule hapana aliyefikiri kwamba mgao huo ndio ungekuwa bahati yake.

Ukubwa wake sasa ukoje?

Mwaka 2023 iliuza magari 330,325. Mwaka 2024 ikauza 358,102, katika soko zima la magari 816,747. Piga hesabu: kila magari 10 mapya yaliyoingia barabarani Malaysia mwaka huo, zaidi ya 4 yalikuwa Perodua. Na nchi ile ina watu milioni 30 na kitu tu, wachache kuliko Kenya au Tanzania.

Kancil ndiyo gari gani? Baba yangu alisoma huko miaka ya tisini na hachoki kulitaja.

Mpe baba salamu. Kancil ndilo gari la kwanza la Perodua, lilizinduliwa Agosti 1994. Lilikuwa Daihatsu Mira lililobadilishwa kidogo sura: milango mitano, injini ya silinda 3 ya cc 660. Hizo cc 660 hazikuchaguliwa ovyo. Ndicho kikomo cha sheria ya Japani kwa daraja la vigari vidogo vinavyotozwa kodi nafuu, na Daihatsu ni bingwa wa daraja hilo. Baadaye likaja la cc 850.

Jina ni la mnyama mdogo wa msituni, mfano wa paa lakini kimo cha sungura. Katika ngano za Kimalay huyo Kancil ndiye mjanja: huwapanga mamba msitari mmoja mtoni eti awahesabu, kumbe anavuka juu ya migongo yao. Kwetu kazi hizo hupewa Sungura. Mmalaysia aliposikia jina alielewa moja kwa moja: kidogo, lakini kitakuzunguka.

Nililipanda mara nyingi, maana rafiki yangu mmoja wa chuo alirithi la mama yake. Tulikuwa wanne, na mmoja wetu mtu wa Pemba mwenye kifua kama mlango. Kwenye tambarare kigari kilikwenda vizuri, AC inapuliza, kaseti inaimba. Tukifika mlimani dereva ananyoosha mkono bila kusema neno, anazima AC, na sote tunashusha vioo. Gari linapata nguvu kidogo, linapanda likilia kama cherehani. Tukifika juu AC inawashwa, mazungumzo yanaendelea pale yalipokatikia. Hakuna aliyeona ajabu. Shule za udereva nazo zilikuwa zimejaa Kancil, kwa hiyo Wamalaysia wa rika fulani, tajiri kwa maskini, walijifunzia kukanyaga klachi humo. Uzalishaji wake uliendelea mpaka 2009.

Na baada ya Kancil?

Walifuatana kama watoto wa mama mwenye uzazi wa karibu. Rusa (1996) ilikuwa kivani. Kembara (1998) ni Daihatsu Terios, ile ambayo kwetu imekuja pia kwa jina la Toyota Cami. Kenari ikaja 2000, Kelisa 2001, Myvi 2005, Viva 2007, Alza 2009, Axia 2014, Bezza 2016, Aruz 2019, Ativa 2021. Angalia majina ya mwanzo, ukiiacha Kembara: paa, kulungu, ndege, samaki. Baadaye wanyama wakawaishia, wakahamia kwenye majina ya namna nyingine.

Ni kweli Myvi ni Toyota Passo?

Ni kweli kiasi cha kutosha kuokoa fedha zako.

Nilipeleka Passo ya dada yangu, ile ya kwanza ya cc 1300, kwa fundi mtaa wa Gerezani hapa Dar. Tukisubiri gasketi nikamwonyesha kwenye simu picha ya Myvi ya 2006. Akaitazama, akavuta picha kwa vidole viwili, akasema, "Kaka, hii si Passo imebadilishwa bumpa?" Kisha akafungua boneti, akachukua kitambaa, akafuta mafuta kwenye chuma cha injini mpaka ikatokea herufi D. "Mwenye gari huyu hapa," akasema. "Huyo Toyota kabandika jina tu."

Alikuwa sahihi. Gari hilo liliundwa na Daihatsu kwa kushirikiana na Toyota. Japani liliuzwa kwa majina mawili, Daihatsu Boon na Toyota Passo, na Malaysia likatoka Mei 2005 kama Perodua Myvi likiwa na bumpa na taa zake. Myvi ya 1.3 na Passo ya 1.3 za kizazi hicho zote zina injini ya K3-VE. Indonesia kuna Daihatsu Sirion, na hiyo ni Myvi hasa: imeundwa Rawang, imepakiwa melini, imebadilishwa nembo. Gari moja, majina manne.

Undugu hauishii hapo. Aruz ni ndugu wa Toyota Rush. Ativa ni ndugu wa Toyota Raize. Ukienda Malaysia ukiwa na macho ya mtu wa yadi za Mombasa au Dar, utawatambua wengi barabarani. Usukani nao uko kulia kama kwetu.

Basi hilo ni gari la taifa au ni gari la Mjapani?

Hili ndilo swali ambalo watu huniuliza wakiwa tayari na jibu lao. Tuliangalie kwa hisa.

Mwenye fungu kubwa zaidi katika Perodua ni UMW, kampuni ya Kimalaysia, asilimia 38. UMW yenyewe ilinunuliwa na Sime Darby mwishoni mwa 2023. Wamo pia MBM Resources na mfuko wa PNB, ambao ni wa Malaysia, halafu Daihatsu yenyewe na Mitsui za Japani. Ukiishia hapo, kampuni ni ya Wamalaysia. Lakini mwaka 2001 walipanga upya nyumba: kazi ya kuunda magari ikawekwa katika kampuni tanzu, na humo Daihatsu na Mitsui wakachukua asilimia 51. Kwa maneno mengine, kuuza na jina vilibaki kwa mwenyeji, sakafu ya kiwanda akaishika mgeni. Na tangu 2016 Daihatsu ni mali ya Toyota asilimia 100.

Wako Wamalaysia walioona mpango ule ni kuuza nyumba kwa mpangaji. Mimi naona kinyume chake. Kabla ya hapo Daihatsu ilikuwa mwalimu anayelipwa aje afundishe. Baada ya hapo kiwanda kikawa chake pia, na mtu hafichi ujuzi nyumbani kwake. Vipuri vikazidi kutengenezwa palepale. Kampuni husema zaidi ya asilimia 90 ya thamani ya vipuri vya magari yake inatoka kwa watengenezaji walio Malaysia. Mwaka 2014 kilifunguliwa kiwanda cha pili kando ya kile cha kwanza. Mwaka 2016 kikaja kiwanda cha injini huko Sendayan, Negeri Sembilan.

Kwa hiyo nikibanwa nijibu kwa neno moja, nasema ni la taifa. Mchoro ni wa kuazima, lakini mikono, mishahara na viti vya gari ni vya kwao. Watu wengi hutaka utaifa uanzie kwenye mchoro. Perodua ilianzia kwenye boliti, mchoro ukasubiri zaidi ya miaka 20.

Zaidi ya miaka 20? Kwani sasa wanachora wenyewe?

Sehemu. Bezza ya 2016, sedani yao ya kwanza, bodi yake ya juu ilisanifiwa na wahandisi wao wenyewe juu ya sakafu ya gari la Daihatsu. Myvi ya kizazi cha tatu, iliyotoka Novemba 2017, nayo hivyo hivyo. Ilipata nyota 5 katika majaribio ya ajali ya ASEAN NCAP, na toleo la juu likaja na breki zinazojifunga zenyewe dereva akizubaa. Kwa gari la daraja hilo, mwaka ule, halikuwa jambo dogo. Injini na gia bado ni elimu ya Japani.

Iliwezaje kumpita kaka yake Proton?

Kwa kutokuwa na haraka ya ukubwa.

Proton ilibeba bendera. Ilitaka injini yake, miundo yake, ikanunua hata Lotus ya Uingereza miaka ya tisini. Mambo hayo ni mazuri kusimulia, lakini yanakula fedha. Tena Proton ikapata jina baya kwa vitu vidogo vinavyoudhi kila siku; mizaha ya vioo vya umeme vya Proton vinavyogoma kupanda kila Mmalaysia anaijua. Kioo cha dirisha kikikwama wakati wa mvua ya Kuala Lumpur, ile isiyopiga hodi, humwambii mtu habari za fahari ya taifa.

Perodua haikuahidi makubwa. Iliuza gari lililokwisha kujaribiwa na Wajapani, ikalipunguza bei, na likiharibika kipuri kipo. Mwaka 2006, mwaka mmoja tu baada ya Myvi kutoka, ikaipita Proton kwa mauzo, na Myvi ikawa gari lililouzwa kuliko yote nchini kwa miaka minane mfululizo. Baadaye, mwaka 2017, asilimia 49.9 ya hisa za Proton ziliuzwa kwa Geely ya China, na kampuni imeanza kuinuka tena. Mdogo mtu hajashuka.

Kwa nini Myvi inatajwa kwenye vichekesho vyao vyote?

Kwa sababu iko kila mahali, na madereva wake wana mwendo wao. Unaenda zako kwenye barabara kuu, umejipa moyo kwamba unakimbia, unatazama kioo cha nyuma: kuna Myvi imekuganda na taa zinawaka-waka. Unaipisha. Ndani ni bibi mwenye hijabu, anaenda sokoni. Wamalaysia humwita mfalme wa barabara, nusu kwa kejeli nusu kwa mapenzi.

Bei zake zikoje, na watu wanalipaje?

Axia ilipozinduliwa 2014 ile ya chini kabisa iliuzwa chini kidogo ya RM25,000 (RM ni ringgit, fedha ya Malaysia). Mwaka 2023, katikati ya kila kitu kupanda, wakarudisha Axia E ya gia ya mkono, bodi ya kizazi cha zamani, kwa RM22,000. Gari jipya, sifuri kilomita, bei chini ya ile ya miaka tisa nyuma.

Lakini bei peke yake haielezi kitu. Kinachoeleza ni mkopo. Benki za Malaysia hutoa hadi asilimia 90 ya bei ya gari, ulipe mpaka miaka tisa. Karani wa miaka 23, mwezi wake wa nne kazini, anaingia na kitambulisho na hati za mshahara, anatoka na Axia yenye stika ya P kioo cha nyuma, alama ya dereva aliye kwenye majaribio. Kwetu kijana huyohuyo anakusanya hela miaka mitano, anatuma zote Japani kwa pigo moja, kisha anahesabu siku za meli. Perodua isingekua bila karani yule na benki yake.

Hawaagizi mitumba kutoka Japani kama sisi?

Wanaagiza kidogo sana, tena kwa kibali. Gari kutoka nje linahitaji kibali maalumu cha kuingizia ambacho hakigawiwi kwa kila mtu, na juu yake kuna ushuru mzito. Mtumba unaopita hapo ni wa wenye nazo, Alphard na jamaa zake. Passo ya miaka saba yenye kilomita 80,000 haina nafasi ya kushindana na Myvi mpya, kwa sababu haifiki bandarini.

Hapa sitaki kupamba. Kwa miaka mingi Mmalaysia alilipia gari bei kubwa kuliko ambayo angelipa bila ukuta huo, na ukuta huo ndio uliofichia makosa ya Proton. Perodua ilikaa ndani ya ukuta huohuo ikautumia vizuri zaidi.

Kwa nini sisi hatukufika huko? Si tulianza zamani?

Tulianza kweli. Rais Moi aliagiza gari la Kenya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaongoza kazi, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani. Zilifanyika tano. Tanzania tuna Nyumbu pale Kibaha, wenye lori lao la jina hilohilo. Uganda wana Kiira, waliohamia kwenye mabasi ya umeme. Ukienda Mombasa utakuta viwanda vinavyounganisha malori na magari ya watu.

Tofauti naiona mahali pawili. Nyayo ilitaka kuanza na mchoro na injini, jambo ambalo hata Perodua yenye Wajapani mgongoni haikuthubutu. Pili ni mnunuzi. Magari mapya yanayouzwa Kenya kwa mwaka mzima siku hizi ni elfu kumi na kitu. Perodua peke yake huuza zaidi ya hayo kwa nusu mwezi tu. Kiwanda hakiendeshwi kwa uzalendo wa watu wanaonunua Vitz ya mtumba, na siwalaumu wanunuzi, mimi mwenyewe nimo.

Kufunga mlango wa mitumba leo? Wafanyabiashara wa yadi, mawakala wa forodha, mafundi wa Gerezani na wenzao wa Grogan kule Nairobi, madereva wa teksi za mtandao, wote wanakula hapo. Mwanasiasa atakayejaribu namtakia afya njema.

Ile kashfa ya Daihatsu ya usalama iliwagusa?

Iliwagusa. Aprili 2023 Daihatsu ilikiri kwamba katika majaribio ya kugongwa ubavuni, kifuniko cha ndani cha mlango wa baadhi ya magari kilirekebishwa kwa siri ili yafaulu. Axia mpya ilikuwamo. Desemba mwaka huo uchunguzi ukapanuka ukakuta aina 64 za magari, yakiwemo yanayouzwa kwa jina la Toyota, na viwanda vya Daihatsu huko Japani vikasimama. Malaysia magari yalikaguliwa upya, uuzaji ukaendelea, na mwaka uliofuata ndio ule wa 358,102. Wengine husema ni uaminifu wa wateja. Mimi nasema pia hawana duka la pili la bei ile. Ndiyo hasara ya kuazima mchoro: jirani akipiga chafya wewe ndiye unayetafuta leso.

Wameingia kwenye umeme?

Desemba 2025 walizindua QV-E, gari lao la kwanza la umeme, bei RM80,000 bila betri. Betri unakodi, unalipa kila mwezi. Kabla ya hapo, mwaka 2022, walijaribu Ativa ya mseto wa petroli na umeme, magari 300 tu, watu wakiyakodi kwa RM500 kwa mwezi. Kwa mteja wa Axia, RM80,000 ni mlima, na huu haupandwi kwa kuzima AC. Hapo sijui kama ule ujanja wa Kancil utatosha, maana mamba wa sasa ni Wachina na wanajua kuhesabu.

Wanauza nje ya nchi?

Kidogo. Uingereza walifika mwaka 1997, Kancil ikiitwa Nippa, ikawa miongoni mwa magari mapya ya bei rahisi kabisa kule. Walishatoka. Brunei, Singapore, Sri Lanka, Mauritius na Fiji wamewahi kuuzia. Ila soko la nyumbani huwameza wote. Alza mpya ilipotoka 2022 wenyeji wenyewe walisubiri miezi kupewa funguo.

Nikitaka Myvi hapa Dar au Mombasa, naipataje?

Usihangaike. Utalipa nauli ya meli na ushuru kwa gari ambalo kila fundi ataliita Passo, na siku ya kuliuza dalali ataanza kwa kukuuliza hii ni Toyota gani. Tafuta Passo au Boon, angalia kwanza kama gia inaingia bila kushtuka, na ukishanunua badilisha oili kwa wakati.

Ya dada yangu bado inatembea. Fundi wa Gerezani kila akiiona huita kwa sauti, "Mmalaysia kaja!"